Tumbo linajaa, kichwa kinauma: je, mkosaji ni gluteni?

Ukilalamika siku hizi kwamba tumbo linajaa gesi kila ukishakula na kichwa hakiishi kuuma, hukosi mtu wa kukwambia uache ngano. Ushauri huo unasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp na wauza virutubisho wanautoa bure. Kuanzia Mtwara mjini hadi Nachingwea wapo walioacha chapati kwa kuogopa kitu kiitwacho gluteni bila kuelezwa ni nini. Ushauri wenyewe una ukweli ndani yake, ila umechanganyika na mengi yasiyohusika. Tena kuna kosa moja la mpangilio linaloweza kukunyima nafasi ya kujua unaumwa nini hasa. Kosa hilo ni kuacha ngano kabla ya kupima.

Gluteni ni protini iliyomo kwenye nafaka tatu: ngano, shayiri na rai. Rai hatuijui sana, na shayiri tunakutana nayo kwenye bia na vinywaji vya kimea. Kwa hiyo kwa mkazi wa Mtwara au Lindi, gluteni maana yake hasa ni ngano. Unaweza kuiona kwa macho yako. Kanda kikombe kimoja cha unga wa ngano kwa maji na chumvi kidogo mpaka donge liwe laini, kisha lilaze ndani ya bakuli la maji kwa nusu saa. Baada ya hapo liminyeminye humo humo majini, ukimwaga na kuweka maji mengine kila yanapogeuka meupe. Weupe huo ni wanga unaotoka. Endelea mpaka maji yawe karibu safi: mkononi utabaki na kipande cha rangi ya kijivu iliyoelekea manjano, ukikivuta kinavutika, ukikiachia kinajikunja. Hiyo ndiyo gluteni. Ndiyo inayofanya chapati isukumike bila kukatika na andazi liumuke likashika hewa ndani. Fanya hivyo hivyo na unga wa muhogo, donge lote litayeyukia majini lisibaki kitu.

Jaribio hilo linaondoa dhana moja iliyoenea, kwamba chochote kinachonata kina gluteni. Ugali wa muhogo unavutika kwa sababu ya wanga wake, na bamia na mlenda vinateleza kwa ute wa mmea. Muhogo, mahindi, mchele, mtama, uwele, ulezi, viazi, magimbi, ndizi, mbaazi, kunde, choroko, njugu mawe, karanga, korosho, ufuta, nazi, samaki, nyama, mayai na maziwa havina gluteni kabisa. Mkate wa brauni, ambao wengi wanaudhania salama, unayo ileile ya mkate mweupe. Hapo tayari una kipimo cha kwanza, na hakina gharama. Kama chakula chako cha kila siku ni ugali na samaki au wali na mbaazi, ngano unaigusa mara moja kwa wiki, na bado tumbo linasumbua kila usiku, sababu usiitafute kwenye ngano kwanza.

Matatizo matatu yanayochanganywa

Mtu akisema "gluteni inanidhuru" anaweza kuwa anazungumzia moja kati ya mambo matatu yasiyofanana hata kidogo.

La kwanza ni ugonjwa wa siliaki. Huu si mzio. Ni kinga ya mwili kuchanganyikiwa: gluteni inapofika kwenye utumbo mwembamba, askari wa mwili wanaishambulia na wakati huohuo wanaushambulia utumbo wenyewe. Ukuta wa ndani wa utumbo una vijinyuzi vidogo mno vilivyosimama kwa wingi, kama taulo jipya lilivyojaa nyuzi, na ndivyo vinavyofyonza chakula. Katika siliaki vinachakaa na kulala, utumbo unakuwa kama taulo lililoisha nyuzi, ufyonzaji unapungua. Ndiyo maana dalili hazikomei tumboni. Wengine wanaharisha, wanajaa gesi na kukonda. Wengine choo chao ni cha kawaida lakini wana upungufu wa damu usiopona kwa vidonge vya madini ya chuma, uchovu, maumivu ya kichwa, vidonda vya mdomoni vinavyojirudia, au upele wenye malengelenge unaowasha viwikoni na magotini. Mtoto anaweza asikue vizuri. Ugonjwa huu humpata yule tu aliyerithi vinasaba fulani, ingawa wengi wenye vinasaba hivyo hawaugui kamwe, na unaweza kuanza katika umri wowote.

Duniani kwa ujumla unakadiriwa kumpata mtu 1 katika 100. Kusema "huo ni ugonjwa wa Wazungu" si kweli: kiwango kikubwa kuliko vyote vilivyowahi kupatikana ni cha Waafrika, watoto wa Kisahrawi wa Sahara Magharibi, ambako uchunguzi wa mwaka 1999 ulikuta takriban 5 hadi 6 katika kila 100. Aliyeunganisha ugonjwa huu na ngano ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alikuwa akiishuku ngano tangu miaka ya 1930. Njaa ya mwaka 1944 na 1945 ilipofanya mkate uadimike Uholanzi, watoto waliokuwa wakiugua wakapata nafuu, na mkate uliporudi wakaumwa upya.

La pili ni mzio wa ngano. Huu unakuja haraka, ndani ya dakika chache hadi saa mbili: ngozi inatoka mabaka yanayowasha, midomo au macho yanavimba, mtu anatapika, pumzi inabana. Pumzi ikibana ni dharura ya kukimbizwa hospitali papo hapo.

La tatu ndilo lenye watu wengi na majibu machache: mtu ana gesi, tumbo linauma, kichwa kizito, akiacha ngano anapata nafuu, lakini vipimo vya siliaki na mzio vyote havionyeshi kitu. Hali hiyo ipo kweli. Haina kipimo cha maabara, inatambuliwa kwa kuondoa uwezekano mwingine, na mara nyingi mkosaji si gluteni. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, waliwachukua watu 37 waliokuwa na hakika kwamba gluteni inawadhuru. Waliwapunguzia kwanza vyakula vinavyochacha upesi tumboni, kisha wakawapa gluteni kwa siri. Gluteni haikuleta tofauti ya maana. Mwaka 2018 watafiti wa Norwei walifanya jaribio la namna hiyo kwa watu 59, na kilichowasumbua zaidi kilikuwa fruktani, aina ya wanga iliyomo ndani ya ngano hiyohiyo.

Jambo hilo linatuhusu sana, kwa sababu fruktani haiko kwenye ngano peke yake. Imejaa kwenye kitunguu maji na kitunguu saumu, na mbaazi na kunde zina wanga wa jamaa yake. Utumbo mwembamba hauwezi kuusaga, unafika utumbo mpana mzima, bakteria wanauchachisha na gesi inatoka. Sasa fikiria chapati mbili kwa mbaazi za nazi zilizoungwa kwa vitunguu, na chai ya maziwa pembeni. Tumbo likijaa, ngano inalaumiwa peke yake wakati watuhumiwa wako wanne mezani. Kabla ya kuacha chochote, loweka mbaazi usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, chemsha kwa maji mapya, na upunguze kitunguu kwa wiki moja. Wapo wanaopona kwa hilo tu.

Sababu nyingine zilizo karibu zaidi

Maziwa ni mojawapo. Watu wazima wengi wa Afrika hawana tena uwezo mkubwa wa kusaga sukari ya maziwa. Chai iliyopikwa kwa maziwa matupu inaweza kuleta tumbo la kujaa na kuharisha saa chache baadaye, nawe ukaikumbuka chapati uliyoila nayo. Kunywa chai ya rangi kwa siku tano uone.

Kwenye Ramadhani kichwa kinauma alasiri na watu wanailaumu sambusa ya jana. Aliyezoea chai au kahawa kila asubuhi, akiikosa kwa saa 12 hadi 24 kichwa kinamgonga, na upungufu wa maji katika joto la pwani unaongezea. Kupunguza chai na kahawa kidogo kidogo wiki mbili kabla ya mfungo kunasaidia zaidi kuliko kuziondoa chapati kwenye futari.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni dawa za maumivu, kwa sababu zinaweza kuleta dalili zote mbili kwa pamoja. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinakwangua ukuta wa tumbo la chakula: kiungulia, kichefuchefu, maumivu chini ya kifua, na hatimaye vidonda. Na dawa yoyote ya kichwa ikimezwa mara nyingi mno, hata parasetamoli, yenyewe inageuka chanzo cha maumivu ya kichwa. Mpaka wa hatari ni siku 15 au zaidi kwa mwezi, na kwa vidonge vilivyochanganywa na kafeini ni siku 10, kwa zaidi ya miezi mitatu mfululizo. Mtu anaamka na kichwa, anameza, kinatulia, kesho kinarudi, na tumbo sasa linawaka. Anaacha ngano, anaendelea kumeza, hapati nafuu. Hesabu vidonge vyako vya mwezi uliopita kwa ukweli. Ukikuta umevuka mpaka, mwone daktari akupangie namna ya kuacha, kwa maana siku za mwanzo kichwa huuma zaidi kabla ya kutulia, na hapo ndipo wengi wanaporudi kwenye vidonge.

Yapo pia magonjwa yanayojulikana ukanda wetu. Minyoo ya safura, inayoingia kupitia ngozi ya miguu peku, inanyonya damu kidogo kidogo mpaka mtu anabaki na uchovu, kizunguzungu na kichwa. Kichocho, amiba na jiadia vinasumbua tumbo kwa muda mrefu. Bakteria wa vidonda vya tumbo, H. pylori, ni wengi sana. Shinikizo la damu likipanda mno linaweza kuleta kichwa, na kulipima ni dakika mbili. Tahadhari moja: kama kila ukienda maabara unaambiwa una taifodi kwa kipimo cha Widal, usiendelee kunywa antibiotiki kozi baada ya kozi. Kipimo hicho kinatafuta alama za kinga, ambazo zinaweza kubaki tangu maambukizi ya zamani au kutokana na vijidudu vingine. Antibiotiki za mara kwa mara nazo zinavuruga tumbo.

Muhogo unaochukua nafasi ya ngano

Anayeacha ngano huku kwetu mara nyingi anahamia kwenye unga wa muhogo, na hilo ni sawa kama unga umetayarishwa vizuri. Muhogo mchungu una kemikali zinazotoa sumu ya sayanidi. Ukila ugali wa muhogo uliotayarishwa haraka haraka, saa chache baadaye unapata kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na tumbo kuuma, yaani karibu dalili zilezile ulizokuwa unazikimbia. Hatari hupanda mwaka wa ukame, kwa sababu mmea wenye kiu unatengeneza sumu zaidi, na kwa sababu wenye njaa hawawezi kusubiri. Mkoa wa Mtwara umewahi kupata pia wagonjwa wa konzo, ulemavu wa miguu usiopona unaotokana na kula muhogo wa namna hiyo kwa wiki nyingi bila chakula cha kutosha cha protini. Kumenya na kuanika makopa juani peke yake kunaacha sumu nyingi kuliko kuuvundika au kuuloweka muhogo siku tatu au nne kabla ya kuanika.

Kama unga umeshasagwa na huna hakika nao, kuna njia rahisi iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia, nayo imetumika kwenye vijiji vya Mtwara. Weka unga kwenye bakuli, usawazishe, weka alama ndani ya bakuli pale unga ulipofikia. Ongeza maji huku unakoroga. Mwanzoni unga utashuka, endelea kuongeza mpaka unga uliolowa urudi kwenye alama ileile. Utandaze kwenye mkeka au sinia safi kwa unene usiozidi sentimita 1, uuache saa 2 juani au saa 5 kivulini, mahali penye hewa. Sumu inaondoka kama gesi. Sentimita 1 ni muhimu kweli: ukiurundika, gesi ya chini haitoki. Songa ugali siku hiyohiyo, kwa kuwa unga mbichi ukilala unaharibika.

Namna ya kupima bila kujiharibia

Kwa wiki mbili endelea kula kama kawaida, ngano ikiwemo, na andika kwenye daftari: saa uliyokula, ulichokula mpaka kitunguu na maziwa, saa tumbo lilipoanza, kichwa kwa namba kuanzia 0 hadi 10, dawa ulizomeza, usingizi, maji, na kwa mwanamke siku za hedhi. Kipandauso cha wanawake wengi kinafuata hedhi, na bila daftari hakuna anayekiona.

Usisubiri wiki mbili kama unapungua uzito bila sababu, choo kina damu au ni cheusi kama lami, unatapika mfululizo, chakula kinakwama ukimeza, au una homa isiyoisha. Vivyo hivyo kichwa kilichoanza ghafla kwa maumivu makali yasiyo ya kawaida, kichwa chenye shingo ngumu, kuona kwa shida au udhaifu wa upande mmoja, na kichwa kikali kwa mjamzito aliyevuka wiki 20. Wenye dalili hizi waende hospitali siku hiyohiyo.

Hospitali, anza na vipimo vya kawaida: picha kamili ya damu, kinyesi kwa minyoo na vijidudu, kinyesi kwa H. pylori, mkojo, shinikizo na sukari. Kwa H. pylori, dawa za kupunguza asidi kama omeprazo ziachwe wiki 2 kabla na antibiotiki wiki 4 kabla, la sivyo jibu linaweza kuwa la uongo. Kipimo cha siliaki ni cha damu na kinaitwa tTG-IgA. Kiende pamoja na kipimo cha IgA yote, yaani jumla ya aina hiyo ya kinga iliyomo kwenye damu, kwa sababu wapo watu wenye upungufu wa IgA na majibu yao hutoka salama wakati ni wagonjwa. Hakifanyiki kila maabara. Piga simu au uliza kabla ya kufunga safari kwenda Ligula, Sokoine, Ndanda, Nyangao au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo: je, kinafanyika hapo, au sampuli inasafirishwa? Damu ikionyesha dalili, mtu mzima hushushiwa kamera kupitia mdomoni na kuchukuliwa vipande vidogo vya utumbo ili kuthibitisha.

Vipimo hivi vya siliaki vinatafuta alama ya vita, na vita vipo pale tu gluteni inapoingia. Ukiwa umeiacha miezi kadhaa, damu inaanza kutulia, utumbo unaanza kupona, na jibu linaweza kutoka safi ingawa ugonjwa upo. Inatakiwa uwe unakula ngano katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa wiki 6 angalau kabla ya kutoa damu. Uliyekwisha kuiacha, zungumza na daktari kwanza kuhusu kuirudia. Zile mashine za kushika mkononi zinazodai kusoma mwili mzima kwa dakika moja hazipimi siliaki wala kitu kingine chochote, nazo hutoa ripoti ndefu inayoishia kukuuzia makopo. Fedha hiyo ingelipia picha ya damu.

Majibu yakitoka safi na bado unaishuku ngano, ndipo uiache, kwa wiki 4, bila kubadilisha kingine chochote. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaacha ngano, soda, mafuta na maziwa siku moja, wanapata nafuu, wasijue ni kipi. Baada ya wiki 4 irudishe kwa wiki moja, chapati mbili kwa siku, kwa chai ya rangi, bila mbaazi. Dalili zikirudi, pumzika kisha rudia zoezi mara ya pili kabla ya kuamini. Kisha ule siku mbili chakula chenye kitunguu kingi bila ngano yoyote. Tumbo likijaa vilevile, huenda tatizo lako ni fruktani, na huenda ukaweza kula chapati moja moja bila madhara.

Aliyethibitishwa ana siliaki hana nafasi hiyo ya moja moja. Kiwango kinachokadiriwa kutomdhuru ni kama miligramu 10 za gluteni kwa siku. Chapati moja ya gramu 60 za unga ina takriban miligramu 5,000, kwa hiyo mpaka wake ni sehemu moja ya chapati iliyogawanywa mara 500. Lazima aulize kila kitu: vitumbua vya mchele na bagia ambazo wapishi wengine huziongezea unga wa ngano, samaki aliyepakwa unga kabla ya kukaangwa, mafuta ya chipsi yaliyotoka kukaanga sambusa, katlesi, soseji, sosi ya soya, malta, hata hostia kanisani. Unga wa lishe usomwe au muuzaji aulizwe, kwa kuwa mchanganyiko mwingi una ngano, na huo ndio uji tunaowapa watoto wasiokua vizuri. Mashine ya kusaga nayo ni mtego: aliyetangulia akisaga ngano, unga wako wa mahindi unabeba mabaki. Twanga nyumbani, au nunua unga wa mashine isiyosaga ngano kabisa.

Na asibaki peke yake kwenye vipimo. Wazazi wake, ndugu wa tumbo moja na watoto wana uwezekano wa takriban 1 katika 10 wa kuwa na ugonjwa huohuo, hata bila dalili. Wapelekwe kupimwa damu kabla nyumba nzima haijaacha ngano kwa ajili yake.